Ombi la Kumpeleka Dume Vitani Burma

Kijiji cha Daudi, Mbulu.

Kwako Baba Mdogo Xavery, Katesh.

Shikamoo Baba mdogo. Pombe ya asali ilikuwa tayari mdomoni mwa Mzee Margwe wewe uliposema. Alikuwa ameshainua kichwa atutemee baraka, mashavu yamejaa, Oliva amefunikwa kanga pale kwa mama zake, na mimi nimefumba macho nangoja matone. Badala ya matone nikasikia sauti yako: "Samahani Mzee, hiyo nishani yako, naomba niiangalie kidogo." Kufumbua macho, wewe msemaji wetu wa posa umepiga magoti mbele ya kifua cha babu yake mchumba wangu, na kile kioo chako cha kukuzia. Ukaigeuza nishani, ukaipangusa kwa kidole, ukachekelea kama mtu aliyeokota kitu njiani. Ukasema, "Hii siyo ya Burma. Hii ni ya maonyesho ya mifugo. Ni ya dume bora."

Mzee akameza.

Baba mdogo, unanijua mimi siyo wa kusema mbele za watu. Siku ile nilikaa karibu na mlango nikaangalia tu, ndiyo maana leo naandika. Najua unavyozipenda nishani. Ushirika ulipokufa mkarudishwa nyumbani, wenzako walinunua mashine za kusaga, wewe ukaanza kuzunguka kwa wazee kuulizia nishani. Unazipanga kwenye boksi la viatu juu ya pamba, na Saleh wa dukani anakuwekea zile anazoletewa. Mimi mwenyewe ulinifundisha kwamba za vita vya kwanza zina jina la askari pembeni, za vita vya pili Mwingereza alichoka hakuandika. Kwa hayo nakuheshimu. Lakini malalamiko ninayo, na Baba amesema niyape namba ili usiyaruke.

1. Baraka imemezwa. Wewe ni mtoto wa huku, unajua baraka ya mzee inatemwa. Wazee wamekaa wakajadili iliyomezwa inahesabika vipi. Mzee Akonaay anasema imembariki Mzee Margwe peke yake, tumbo lake, na labda maini. Wengine wanasema posa imekufa. Mama alitaka twende tukamwombe atapike, Baba akamkataza.

2. Watoto wakimwona Mzee njiani wanalia kama ng'ombe. Wakikamatwa wanasema walikuwa wanakohoa. Tena kanisani alikuwa anakaa benchi la mbele. Sasa anakaa nyuma, na koti analivaa ndani nje. Wengine wanafikiri ni uzee. Mimi niliangalia vizuri: ni ili lile tundu la pini lisionekane.

3. Mzee ameuliza swali na hakuna anayelijua jibu. Burma alikwenda kweli, hata wewe hukubisha. Wakati wa kurudi waliambiwa nishani zitaletwa, wangoje. Akangoja. Akaoa, akalima, akafuga, anangoja. Halafu siku ya maonyesho akapeleka dume lake, akaja Mzungu wa serikali, akapiga saluti, dume akafungwa utepe kwenye pembe na Mzee akabandikwa nishani kifuani. Kila mmoja na chake. Mzee akajua serikali imemkumbuka. Sasa anauliza: "Kama ilikuwa ya dume, mbona hawakumvisha dume?" Na kile kichwa kilichochongwa kwenye nishani alijua ni nyati, alama ya kombania yake ya vitani. Baba mdogo, kwani ulishindwa nini kusema ni nyati? Kioo ulikuwa nacho wewe peke yako.

4. Oliva. Tukikutana kisimani anapitisha ndoo katikati yetu. Amemtuma Letisia, dada yake mdogo, aniletee maneno haya: "Mwambie baba yako mdogo akimaliza kifua cha babu aje atuangalie na meno, tusije tukawa tumeolewa na kasoro." Letisia aliyasema mbele ya watu wanaopalilia, wakaacha kupalilia.

5. Babu yake amesema mjukuu wake haendi kwenye nyumba inayohesabu ng'ombe kwenye vifua vya watu. Hiyo ndiyo namba kubwa, ningeiweka ya kwanza ila niliona aibu. Bila Oliva mimi sijui, kwa kweli sijui.

Nimefikiri sana nikiwa machungani, na njia nimeipata. Naomba uirudie kazi yako ya utafiti, ugundue kwamba yule dume alipigana Burma.

Usicheke kwanza. Wazee wote wanakubali kwamba wakati wa vita ng'ombe wa huku walichukuliwa kwenda kulisha askari. Askari asiyekula hapigani. Basi aliyemshibisha askari alipigana naye. Pili, askari wengine walirudi, lakini wale ng'ombe hajarudi hata mmoja. Wewe mwenyewe ulisema askari akifa vitani nishani yake inapelekwa kwa ndugu zake. Ndugu wa wale ng'ombe ni nani? Ni yule dume, maana babu yake na mama zake wadogo ndio waliochukuliwa. Kwa hiyo serikali ilimpa nishani kwa niaba ya ukoo, na kwa kuwa dume hana koti, akashikiwa na Mzee, naye ni askari. Hapo hakuna aliyedanganya. Wewe hukukosea, Mzee hakukosea, hata Mzungu hakukosea.

Dume mwenyewe nasikia alikuwa na tabia za kijeshi. Alikuwa hatoki zizini mpaka aitwe, na kwenye mteremko wa Gitting alisimama mbele ya fisi akamtazama tu mpaka fisi akakumbuka kwamba ana kazi nyingine.

Kwa hiyo uje, usimame mbele ya wazee, utoe kioo chako, uangalie tena, useme "ahaa". Hiyo "ahaa" isiwe fupi. Halafu useme utafiti umesonga mbele. Na siku hiyo, nakuomba kwa heshima zote, ushike kinywa chako mpaka Mzee ateme.

Wasalimie Mama mdogo Rogathe, watoto, Saleh na jirani wa mashine. Baba anakusalimu ingawa amesema nisiandike. Shikamoo tena.

Ni mimi mtoto wako,
Evarist Nikolausi.

Nyongeza. Baba mdogo, barua hii ililala hapa kwa sababu ya mvua, basi la Katesh lilikwama. Hapo katikati kumetokea jambo. Jumapili baada ya matangazo Mzee Margwe alisimama kule nyuma, koti amelivaa sawasawa na nishani ipo. Akasema Burma walikwenda wengi, na kila aliyerudi alistahili nishani hata kama alikuwa anamenya viazi, ila dume bora lilikuwa moja tu. Akasema, "Mimi Burma nilitumwa. Dume langu halijawahi kutumwa na mtu." Watu wakapiga makofi ndani ya kanisa, Padri akaangalia saa yake. Tangu hapo wafugaji wanamiminika kwake kuulizia uzao wa yule dume, na watoto wakilia kama ng'ombe anawarekebisha sauti.

Kwa hiyo ile "ahaa" usije nayo. Ukimpeleka dume vitani sasa hivi utaniharibia kabisa, Mzee hataki kusikia kwamba dume lake lilikuwa la jeshi. Karatasi nimeshaijaza, kuichana ni hasara, basi isome halafu usifanye chochote kilichoandikwa.

Ningeeleza zaidi lakini lazima niondoke sasa hivi. Wageni wa Dongobesh wamefika kumtazama dume kijana wa uzao ule, ana hasira, na Oliva amekuja mwenyewe mpaka mlangoni kuniita nikashike kamba. Vijana wa pale wapo wengi, lakini babu yake amesema kamba ya dume lake haishikwi na mtu baki.