Uzinduzi wa Lango Linalojiamulia

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu, Kaimu Makamu aliyeniazima miwani hii, wakuu wa idara zote pamoja na zile ambazo bado zinatafutiwa kazi, wakazi wa bondeni, na wengine wote kwa vyeo mlivyonavyo na mnavyovitarajia! (Makofi.)

Mwaka jana niliahidi kwamba lango la bwawa litajifungua lenyewe, na leo, baada ya vikao thelathini na saba na wokshopu moja iliyofana kwa asilimia mia na nne, nasimama kifua mbele kutangaza kwamba maamuzi sasa ni ya kidijitali. Binti yetu mtaalamu ameandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, lugha isiyo na porojo, inayosema: if, yaani kama, hali ya maji ni hatari, fungua lango, else, la sivyo, lifunge. (Miguno.)

Nami sikukaa kama sanamu. Nilipoona kwenye sharti lile la if alama mbili za sawasawa zimefuatana, niliagiza moja ifutwe, tubane matumizi ya wino. Binti akaniambia, "Mheshimiwa, mbili zinauliza, moja inaamrisha. Ukifuta moja, hali itakuwa hatari hata kiangazi, na lango halitafungwa kamwe." Nikamjibu, "Mwanangu, ofisi yangu haiulizi, inaamrisha!" (Kicheko. Mheshimiwa anainama kupokea pongezi.)

Matokeo mmeyaona wenyewe: Jumanne ile mvua ilipomwagika kama iliyotumwa, lango lilifunguka saa nne asubuhi, na bondeni halikulowa hata godoro moja. (Mama mwenye mtoto mgongoni: "Lilifunguliwa na nani?") Swali zuri, mama, litajibiwa kimkakati!

Sharti kwanza! Else baadaye! (Watu wawili: "Baadaye!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru binti yetu kwa kuiandika programu hiyo kwenye daftari, kwa kuwa kompyuta bado iko kwenye mchakato. Namshukuru pia mzee mlinzi wa bwawa, ambaye Jumanne hiyo aliacha chai yake, akatazama maji, akasema, "Haya yamezidi," akazungusha gurudumu la lango peke yake hadi viganja vikachubuka. Mzee wetu, hebu simama wakuone!

(Watu wanageuka kumtafuta. Kisha yule mama: "Hayupo, mheshimiwa! Wingu lote hilo hulioni? Yuko langoni.")