Ergash Ameganda Mikono Juu

Jumatatu, 12 Januari

Daftari hili kanipa Oydin, mke wa mwanangu, niandike presha yangu asubuhi na jioni. Presha yangu naijua bila kuandika: iko juu. Nitaandika mambo ya maana.

Kompyuta imeganda tena! Mara ya tatu tangu Ijumaa. Picha imesimama, sauti imekwama kwenye "aaaa", vitufe vyote bubu. Nimeipiga kofi. Wapi! Nimechomoa waya ukutani, nikachomeka. Ikaamka, ikaenda nusu saa, ikafa palepale.

Na palepale ni wapi? Kwenye harusi ya mwanangu Jamshid! Marehemu Ergash, mume wangu, anainuka mezani, anakunja mikono ya joho lake, anakuja upande niliokaa, anainua mikono acheze... basi. Hachezi. Amesimama kama mtu anayetundika nguo.

Jamshid ndiye aliyeinunua kabla hajaenda kufanya kazi Korea, akaiunga na runinga kubwa. Filamu zetu zote zimo humo. Ile ya harusi haipo kwingine popote.

Na Jumapili ni zamu yangu ya chai! Wanawake kumi na wawili wa mtaa wanakuja. Akiwemo jirani yangu Hosiyat, ambaye mwezi uliopita, huku anatafuna zabibu nilizopeleka mimi, alitangaza kwamba Ergash alikuwa gogo. Eti pole sana shoga yangu Salomat, miaka arobaini na mmoja uliolewa na nguzo ya umeme. Wakacheka wote. Harusini yeye aliondoka mapema, jino lilimuuma. Hakuona ngoma. Jumapili ataiona, apende asipende.

Jumanne, 13 Januari

Oydin kasema ni umeme. Majira ya baridi hapa mjini Marg'ilon umeme unakuja umechoka. Akahamisha kile kidhibiti umeme cha friji, akakifunga kwenye kompyuta. Nusu saa, imeganda. Na friji imezima. Siagi imelainika. Hongera sana, mwanangu, nikamwambia.

Mimi nilijua tangu mwanzo. Ni jicho la Hosiyat! Wiki iliyopita alikuja kuazima ungo, akasimama mbele ya mashine, akasema mashaallah kwa meno yaliyofungwa. Maana nimeiweka mahali pa heshima: ndani ya shubaka kubwa la ukutani, katikati ya magodoro ya harusi yangu, saba kulia, saba kushoto, na juu yake kitambaa nilichokitarizi miezi minne. Makomamanga na pilipili. Hakuna mashine iliyovikwa hivyo mtaa mzima.

Nikachoma majani ya isiriki, yanayofukuza jicho baya, kwenye kikaango, nikaizungushia moshi mara tatu, kisha nikashika kikaango pale nyuma kwenye matundu ili dawa iingie ndani. Feni yake ikavuta moshi wote yenyewe. Ilikuwa na kiu nao, masikini.

Jumatano, 14 Januari

Imeganda mara nne. Jicho gani hili!

Oydin kafungua kisanduku, kachomoa vijiti viwili vya kumbukumbu, akajaribu kimoja, akajaribu kingine. Huyu anafanya hesabu kiwanda cha hariri, lakini ukimwona na bisibisi utadhani kazaliwa nayo. Vyote vizima. Akaanza kupiga chafya. Eti mama, mbona humu ndani kunanuka kama matanga? Nikamwambia ashukuru kuna anayeiombea.

Nikaenda sokoni kununua karoti. Kurudi, nimekuta nini? Mashine uchi! Sakafuni karibu na mlango, haina kitambaa, haina magodoro, mifupa nje kama kuku aliyenyonyolewa. Oydin anatabasamu. Mama, imekwenda muda wa saa tatu haijaganda. Nikamuuliza kama na yeye angependa kukaa mlangoni hivyo wapita njia wakimwangalia.

Nikairudisha shubakani kwa mikono yangu. Nikaifunika. Nusu saa: imeganda. Umeona, mama? Nimeona. Umeishtua kwa kuihamahamisha.

Alhamisi, 15 Januari

Nimefanya mpango. Oydin alipoondoka kwenda kazini nikamwita Botir kwa siri, yule fundi mwenye kibanda nyuma ya matanuri ya mikate. Mtu mzima, ana kitambi, anaaminika.

Akafungua. Akaleta pampu ya baiskeli, akapuliza. Lo! Wingu jeusi likatoka, likampaka mpaka masikio. Akabaki meno na macho. Akaniuliza, Bi Salomat, humu unaokea sambusa? Akatoa kwenye feni donge la masizi na pamba ya magodoro, kubwa kama panya. Akagusa kitu ndani, akaruka na kunyonya kidole.

Akaniambia mambo matatu. Itoke shubakani. Isifunikwe. Isifukizwe moshi, hata wa udi wa peponi. Inahema kwa yale matundu, na mimi nimeikaba. Ikikabwa ikachemka hivyo siku moja zaidi, diski itakufa na kila kilichomo.

Nikamuuliza, na Ergash?

Na Ergash, Bi Salomat.

Nikakaa chini. Botir kanimiminia chai mwenyewe, nyumbani kwangu, aibu. Kisha akasema kitambaa changu ni kizuri sana, hajapata kuona pilipili zilizonyooka vile. Hapo ndipo alipoonyesha akili.

Ijumaa, 16 Januari

Haijaganda kutwa nzima. Iko mezani, uchi. Siwezi hata kula nikiiangalia.

Nimeiwasha harusi mpaka Ergash anashika ukingo wa meza kuinuka. Nikazima. Nitamwona mbele ya mashahidi.

Jumamosi, 17 Januari

Vitunguu kilo nne. Presha: sina nafasi.

Jumapili, 18 Januari

Walikuja wote. Pilau ilitoka vizuri, punje moja moja. Harusi ikaanza, kila mtu akajitafuta kwenye runinga. Dakika ya ishirini, mashine inanguruma vizuri. Nikamwona Oydin anapumua.

Hapo Hosiyat akaegemea mto, akaitazama meza. Eti kumbe Salomat, na kutarizi kote kule, mashine ya mwanao haina hata kitambaa? Au macho yamekuwa dhaifu? Pole, shoga, uzee.

Sasa ningefanyaje? Mtu akutukane macho yako nyumbani kwako, na kitambaa kiko chini ya godoro hatua tatu tu? Nikakitoa, nikakitandaza juu ya kompyuta, mbele na nyuma. Makomamanga yakang'aa. Wanawake wote, aaah! Oydin akanikonyeza, akakohoa, akanivuta kikoti. Nikamwambia apeleke chai. Na kwa kuwa Hosiyat alishasema mashaallah tena, nikawasha isiriki. Kidogo tu. Mara mbili.

Ergash akainuka. Akakunja mikono ya joho. Akaja. Akainua mikono...

Aaaaaa.

Hosiyat akakodoa macho, akasema, huyu mbona kama kakamatwa na polisi? Wenzake kumi na mmoja wakacheka. Nikasikia sauti ya Botir kichwani: siku moja zaidi.

Oydin hakuniomba ruhusa. Akarusha kitambaa changu mpaka kwenye bakuli la karoti, akachomoa waya, akafungua dirisha kubwa, theluji ikaingia. Akashika sinia la mikate na kuanza kupepea. Nikachukua jingine. Kisha Bi Malohat, kisha wengine, kila mtu na sinia au kilemba chake, tunaipepea kama mama mzazi aliyezimia. Hata Hosiyat, dirisha likiwa linajifunga, alilishikilia kwa mgongo akitetemeka na kututukana.

Ikawaka. Tukasubiri. Ergash akainuka, akaja, akainua mikono.

Akacheza.

Alicheza taratibu, vidole vimenyooka, ananiangalia mimi tu, na mwisho akainama mbele yangu mkono kifuani. Nilikuwa nimesahau ile ya kuinama. Hakuna aliyetafuna. Hosiyat akaacha dirisha, akaja karibu. Nikamngoja aseme gogo. Akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akaomba tena.

Akaondoka bila kusema kwaheri. Na ungo wangu hajaurudisha.

Jumatatu, 19 Januari

Nimepima presha. Iko juu.

Nimefikiri usiku kucha na nimeelewa tatizo lilikuwa nini. Isiriki ilifanya kazi tangu Jumanne, ila inachelewa. Jana dirisha lilipofunguka, jicho likapata pa kutokea. Na kitambaa kilikuwa chepesi mno, Hosiyat aliiona mashine katikati ya nyuzi. Botir ni fundi mzuri, lakini mambo ya macho ya watu hayajui.

Oydin kainakili harusi kwenye kidude kidogo kama kidole, kanikabidhi, kasema, mama, hiki ni chako, kiweke mahali pakavu, usikiguse. Analia huyu mtoto siku hizi, sijui kwa nini.

Mashine nimeirudisha shubakani. Leo nimeanza kitambaa kipya, kizito, chenye bitana ya pamba ndani, kitakachofika mpaka chini.

Kwa kipande kilichobaki nimekishonea kile kidude koti.