Ng'ombe Aliyekula Bustani ya Jiji

Kwa jina la Mola aliyeotesha majani pasipo kuunda kamati, na rehema zimshukie Mtume wake, natangaza kwa fahari kwamba mji wetu, ulioko njia ya Dongobesh, umekuwa Jiji la Kijani. Kwa hakika bado si jiji. Lakini tangu mkoa mpya wa Manyara uzaliwe, na wafadhili wazidi mvua, tumeona busara kutangulia.

Niwapange watu kwa daraja zao. Wa kwanza ni Bwana Onesphory, mwenyekiti wa Kamati ya Ukijani Endelevu, aliyerudi kutoka semina ya majiji makubwa na mkoba na msamiati. Wa pili ni baba yake, Mzee Gidamis, mfugaji wa kijiji cha Hirbadaw. Wa tatu ni Mama Kornelia, mjane, ambaye wajukuu wake huishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu. Wa mwisho ni mimi katibu, niliyeletwa kutoka Pangani kwa barua ya uhamisho, na ambaye pia huchinja.

Bustani ya Jiji tuliipanda ukoka palipokuwa malisho ya wote. Kamati ilibaini kwamba malisho yale, ijapokuwa ya kijani, hayakuwa endelevu, kwa sababu yaliota yenyewe. Tukapitisha sheria ndogo: ng'ombe yeyote atakayekutwa bustanini atataifishwa, ingawa zama ni za soko huria, awe kitoweo cha mgeni rasmi.

Siku ya uzinduzi akakutwa yule mwekundu, mdomo umejaa ukoka wa mfadhili.

Mama Kornelia akafika akihema. Mwenyekiti, kwa adabu ya huku, akaanza: "Shikamoo, mama. Ng'ombe hutoa hewa inayoharibu mazingira ya jiji."

"Marahaba. Na gari lako hutoa ubani?"

"Mama, usilete siasa."

"Njia ya mtoni mmeipanda majani. Apite wapi, aruke? Haya, mwulize kwanza baba yako habari za ng'ombe huyu."

"Baba yangu si mjumbe wa kamati."

Mama alitaka kuongeza neno. Mwenyekiti akawasha kipaza sauti. Nikasoma Bismillahi, nikatekeleza.

Mgeni rasmi alikula maini, akaisifu sheria isiyobagua. Ndipo Mzee Gidamis alipoingia na fimbo yake. Tukasimama, tukamwamkia. Aliitazama ngozi iliyowambwa juani, akaitazama sana.

"Onesphory, huyu alikuwa wa nani?"

"Wa Mama Kornelia, baba."

"Mama Kornelia hana ng'ombe. Huyu nilimweka kwa marehemu mumewe, kama watu wanavyowekeana, wapate maziwa na mbolea. Ni uzao wa yule niliyekutengea wewe ulipozaliwa."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. Kutema mbele ya mgeni rasmi hakukuwa katika ratiba.

"Umekula cha kwako, hayo ni yako na tumbo lako," mzee akaendelea. "Lakini watoto wa nyumba ile hawanywi sheria ndogo. Kamlete yule ng'ombe uliyemficha nyuma ya nyumba yako, umkabidhi mama kabla ya kukamua jioni."

"Baba, yule ni wa kisasa. Analishwa pumba."

"Basi peleka na pumba."

Njia ya kwa Mama Kornelia hukata bustani katikati. Mwenyekiti alipita na suti yake, gunia begani, akivuta kamba. Ng'ombe wa kisasa naye akisimama kila hatua kuonja ukoka. Mgeni rasmi alimtazama ng'ombe, akakitazama kisu changu, akauliza kama ile sheria isiyobagua ingali ikitumika.

Mwenyekiti aliitisha kikao pale pale, kamba mkononi. Sheria ikafutwa kwa kauli moja, na bustani ikarejeshewa hadhi ya malisho, kwa maslahi mapana ya mazingira.

Ewe Mola, wajaalie waliobaki: wajukuu wa Mama Kornelia maziwa tele, ng'ombe wao malisho yasiyo na mwenyekiti, na mwenyekiti wetu semina nyingine, ndefu, na ya mbali. Amin.