Nailoni ya Monita Isiguswe

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Imefika! Monita ya inchi kumi na saba, kutoka Dubai, mgongo mrefu. Imebebwa na vijana wawili kutoka kwenye teksi mpaka ndani ya saluni. Sinza nzima imeona. Nilihakikisha inaona: niliwaambia vijana wazungukie njia ya mbali, mbele ya ofisi ya Mudathir.

Mudathir ni jirani yetu, mlango wa pili. Anawachapia watu barua na kadi kwa kompyuta yenye kimonita cha inchi kumi na nne, cha mtumba, kimekwaruzwa pembeni. Alitoka nje, akaniambia hongera sana braza, akatabasamu. Kwa nini atabasamu? Mtu anayeona riziki yake inapita barabarani imebebwa na vijana wawili hatabasamu bure.

Kiinua mgongo changu chote kimo humo ndani. Shirika lilipotupunguza kazini, wenzangu walinunua kuku wa mayai. Kuku wamekufa kwa kideri. Mimi nimenunua kompyuta.

Mke wangu Sekela, mama wa binti yetu Jovina, amenipa nusu ya saluni yake, upande wa dirishani. Kwa sharti. Mzee Jabiri, mwenye nyumba, anamwoza binti yake Munira, na kadi za mwaliko ametupa sisi. Anazitaka Jumamosi, saa sita mchana. Zikitoka vizuri, nusu ya saluni ni yangu moja kwa moja. Zikiharibika, kompyuta inatoka, draya ya tatu ya kukaushia nywele inaingia. Sekela ni mtoto wa Tukuyu, akisema, limesemwa.

Muuzaji wangu, Anwar wa Kariakoo, alinishauri nikifika nyumbani nitoe nailoni. Nilicheka moyoni. Nikiitoa, monita inahesabika imetumika. Ikinisumbua nikiirudisha, atasema si mpya, garantii imekufa. Mimi ni wa kuchezewa hivyo? Nailoni haitoki! Nimetoboa tundu dogo nyuma kwa wembe, nyaya zipite. Hata makochi ya watu wenye heshima zao hukaa na nailoni mpaka watoto wanamaliza shule.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeiwasha. Kuna ukungu. Herufi zinaonekana kama zimezama kwenye maji ya kuoshea mchele. Baada ya nusu saa, paa! Imezima yenyewe. Nikaishika: ya moto, unaweza kupasha kiporo juu yake. Ikapoa, nikaiwasha. Nusu saa nyingine, paa!

Imechezewa hii.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa draya. Nilimwambia Sekela zile draya zake mbili zinanyonya umeme wangu. Akazizima zote, wateja wakakaa na vichwa vibichi wakinitazama vibaya, na monita ikazima vilevile. Basi si draya. Basi ni mtu.

Sekela anasema nitoe nailoni. Nilimwuliza nani kamtuma. Akaniambia niache wazimu, akarudi kwenye nywele zake.

Halafu kuna huyu Mudathir. Kutwa anapita mbele ya dirisha langu. Nilipomwuliza, akasema anakwenda chooni. Choo kweli kiko upande huu. Lakini mtu mzima mwenye afya yake anakwenda chooni kiasi kile?

Hatua imechukuliwa. Nimetoa kitambaa cha kufuma cha Sekela, kile cha tausi tulichozawadiwa kwenye harusi yetu, nikaifunika monita juu na mgongoni kote, jicho la hasidi lisipenye. Na cha ajabu, sasa haifiki hata nusu saa. Robo saa tu, paa! Husuda hii ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 6 Agosti

Kariakoo. Monita sikuibeba. Mwerevu hapeleki ushahidi mikononi mwa mshitakiwa. Nilikwenda mikono mitupu, kumnasa Anwar kwa maswali.

Nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Rafiki ana monita mpya, ina ukungu, inazimazima, tatizo nini? Anwar hakukuna hata kichwa. Akauliza huyo rafiki ametoa nailoni? Nikasema sijui, sikai naye. Akasema kile kitu kinatoa moto, kina matundu ya kupumulia, rafiki yangu akivue. Kikiendelea kusumbua akilete, garantii ni mwaka mzima, iwe na nailoni au bila nailoni.

Bila nailoni! Mimi sikuwa nimetaja nailoni. Mtu akikitaja kitu kabla hujakitaja, jua alishakipanga. Nikatupa jicho rafuni. Monita zake zote ziko wazi, hata moja haina nailoni. Kumbe! Zimeshatumika zote. Yangu ndiyo mpya peke yake katika jiji hili, ndiyo maana wanaililia. Nikiileta hapa, atatoa matumbo yake mazuri anitilie mabovu. Vingunguti wanachinja ng'ombe. Huyu anachinja wateja.

Alinipa soda ya bure. Nilikunywa, lakini kwa tahadhari.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya mtego. Nilimwambia Sekela leo mimi ni mteja. Nikajitanda khanga yake, nikakaa chini ya draya, mgongo mlangoni, macho kwenye kioo cha ukutani ambamo monita inaonekana vizuri. Sekela alisema ninamfukuzia wateja. Nikamwambia avumilie, mwizi wa riziki yetu yuko karibu kukamatwa. Akanivika kofia ya nailoni, ile wanayovaa wakipakwa dawa, eti nifanane na mteja kweli, akawasha draya mpaka mwisho. Nadhani aliwasha kwa hasira.

Nikangoja. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Mwanamume havunjiki moyo.

Akaja! Mudathir mwenyewe, eti kuazima mkasi. Nikamwona kwenye kioo. Akaangalia huku na huku, akafunua kitambaa cha tausi, akaweka kiganja juu ya monita, akakitoa haraka, akatikisa kichwa, akanong'ona maneno. Maneno! Anaisomea! Nikaruka nimkamate mkono. Ndipo saluni ikaanza kuzunguka.

Nilizinduka niko sakafuni, maji yananichuruzika shingoni, Mudathir ananipepea kwa tausi wangu mwenyewe. Wateja wanacheka mpaka wanashikana. Sekela akasema kichwa ukikifunga nailoni kisha ukakichochea moto, lazima kizime, wateja wenyewe hawakai muda wote huo. Mudathir akasema umesema kweli shemeji, ndivyo ilivyo hasa, akaigeukia monita, akanigeukia mimi, akaigeukia monita tena.

Sijui alikuwa anamaanisha nini. Namshuku zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamekwenda Mbezi Beach kuogelea. Mimi niko kazini, kichwa kinagonga.

Asubuhi Mudathir alibisha hodi kwa adabu zote. Akasema braza, mie sina ubaya na wewe, itoe hiyo nailoni, mashine inakosa hewa. Na kama hutaki, nipe hiyo kazi nikusaidie, hela yako palepale. Nilimjibu kwamba kompyuta si mbuzi, haipumui. Akaondoka akikuna kidevu. Nimelitafakari hilo la kukuna kidevu. Halina heri.

Baada ya swala ya Ijumaa akaja Mzee Jabiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kiti cha wateja na kanzu yake nyeupe. Akasema jamaa wa Tanga na wa Bagamoyo wanangoja kadi. Munira ni binti yake wa pekee, mama yake ametangulia mbele za haki, na yeye mzee anataka jambo hili lisiwe na doa. Watu walimshauri kazi ampe Mudathir. Yeye akasema hapana, yule baba Jovina amepoteza kazi, tumwinue. Akanishika bega, akasema ananiamini.

Kwa kitambo kidogo niliitazama ile nailoni. Nikajisikia kuivua. Halafu nikakumbuka: nani alimwambia Mzee aje siku hiihii, baada tu ya Mudathir kuondoka? Nikaiacha.

Nimefanya kazi kwa vipande. Inawaka, nachapa, inazima, naipepea kwa gazeti. Maneno yamekamilika. Mapambo nimechagua kwenye zile picha zilizokuja na kompyuta: shada la maua, kubwa, la rangi ya dhahabu, limefungwa utepe mweupe. Kupitia ukungu linapendeza ajabu. Kesho ni kuchapa tu. Mudathir atakoma!

Jumamosi, 9 Agosti

Printa imetoa kadi ya kwanza. Jina la Munira safi. Jina la bwana harusi safi. Katikati yao, kuku.

Kuku wa kuokwa. Amelala chali kwenye sinia, miguu juu. Ule utepe mweupe ni vikaratasi alivyovishwa miguuni.

Nikakimbilia monita nimtoe. Imezima. Nikaipepea, ikawaka, nikamtafuta kuku, ikazima. Saa nne. Saa tano. Nikapiga kelele kwamba nimeingiliwa, kwamba kuna mtu kaingia humu kabadilisha maua yangu.

Sekela aliishika ile kadi akaitazama muda mrefu. Afadhali angenitukana. Alichomoa disketi kwenye kompyuta, akatoka nayo, akaingia mlango wa pili. Nilimfuata mpaka kizingitini nikilia kwamba anampelekea adui siri zetu. Akanijibu bila kugeuka kwamba siri gani, ya kuku?

Kwenye kile kimonita kilichokwaruzwa, kuku alionekana ni kuku tangu mbali. Mudathir akamwondoa, akaweka mawaridi mawili, akaanza kuchapa. Hakucheka. Nilimwangalia sana nione kama atacheka. Mzee Jabiri alipofika, kadi zilikuwa zimepangwa kwenye boksi la viatu, bado za moto. Akaisoma moja taratibu, akalitamka jina la binti yake, akafuta macho kwa kanzu. Akamshukuru Mudathir, akamshukuru Sekela. Halafu akanikumbuka na mimi.

Iliniuma. Naandika wazi: iliniuma sana.

Kumbe bado. Sekela alirudi moja kwa moja kwenye monita, akatupa tausi kule, akaishika nailoni kwa mikono miwili, akaichana. Ile sauti! Nilipiga yowe kama nimechanwa mimi. Akaiwasha. Ukungu hakuna. Herufi zimesimama wima, rangi zinang'aa, na yule kuku, ambaye bado alikuwamo kwenye kompyuta yangu, ukimtazama unaona mpaka mafuta yanavyomchuruzika. Mchana kutwa imewaka. Haikuzima hata mara moja. Mtaa mzima umekuja kumwona kuku.

Mimi nimekaa kona nikatafakari kama mtu aliyesoma. Wiki nzima monita mgonjwa. Mudathir kapata kazi, na saa hiyohiyo monita imepona. Kuna asiyeona hapo?

Jumapili, 10 Agosti

Sekela katoa hukumu baada ya kanisa: draya ya tatu itangoja. Nusu ya saluni amepewa Mudathir. Monita yangu inabaki palepale dirishani, ataitumia yeye, mapato tutagawana. Nikasema huu ni uporaji. Nikasema nitakwenda kwa mjumbe.

Sekela akaja akakaa karibu yangu, kwenye benchi la wateja. Akaniambia baba Jovina, ile nusu nilikupa kwa sababu nilikuamini. Aliyekuuzia alikwambia. Jirani alikwambia. Mkeo nilikwambia. Katika dunia nzima wewe ukaamini nailoni peke yake. Alisema kwa upole, na alikuwa karibu kulia. Nami machozi yakanitoka kidogo, si ya draya. Nikamwambia nimeelewa.

Akafurahi. Akasema Mudathir yuko tayari kunifundisha kompyuta kuanzia kesho, bila malipo. Nikasema nashukuru.

Jumatatu, 11 Agosti

Sekela kaniamsha kwa chai ya maziwa na vitumbua. Jumatatu! Kwetu chai ya maziwa ni ya mgeni au ya mgonjwa, na mimi si mgeni.

Mudathir kafika mapema kuliko wote. Kaniwekea kiti karibu na monita, tena kile chenye mto, yeye kakalia stuli. Anwar naye ametuma salamu kwa dereva wa teksi, anauliza kama rafiki yangu amepata nafuu. Mzee Jabiri kapita, kaniletea kadi ya mwaliko kwa mkono wake mwenyewe, mimi na familia yangu.

Watu wanne, wote wema, siku moja. Jambo la namna hiyo halitokei bila kikao. Wamekaa wapi? Nani alikuwa mwenyekiti?

Ile chai sikuigusa. Nilimwonjesha paka wetu kwanza. Kainywa yote, kajilamba, kanikalia mapajani, kalala. Na yeye wameshampata.