Ulimi wa Mchanga

Jumatatu, 3 Agosti

Mawingu asubuhi, manyunyu mepesi, kisha jua la uvivu. Nimefungua duka mimi, kama kawaida. Pasi baridi, mwenye pasi yuko njiani.

Habari kubwa! Mama Bosi ametuita wote nyuma, akazima mashine mbili za kufulia ili tumsikie. Anafungua duka la pili la dobi, karibu na hospitali. Anataka msimamizi, na hataki mtu wa nje. Macho yake yakanipitia, yakaenda kwa Bi Pasi, yakarudi kwangu. Yalirudi kwangu! Naliandika hilo lisije likasahauliwa.

Bi Pasi ndiye anayenyoosha nguo hapa kazini. Kanyoosha nguo miaka mingi mpaka maneno yake nayo yamenyooka, hayana kunyanzi hata moja. Anaongea polepole, anatabasamu, watu wanamwita mwema. Mimi niko kaunta miaka kumi na miwili, napokea nguo, naandika lebo, nasimama. Sijawahi kuitwa mwema. Msimamizi atakuwa na chumba chake, ufunguo wake na kiti chenye mgongo. Nakitaka kiti kile. Miguu yangu inakitaka zaidi.

Mtihani wenyewe ni huu. Jumamosi wafanyakazi wote tunakwenda kupiga kambi ziwani, lile ziwa la nje ya jiji. Mimi na Bi Pasi kila mmoja apendekeze mahali. Mama Bosi anasema asiyeweza kuwalaza watu kumi salama usiku mmoja asimwombe yeye ufunguo wa duka.

Mchana mteja kaleta koti lenye mstari wa kahawia pembeni. Anadai eti sisi tumelichafua! Nikamwambia, baba, hili ni doa la maji. Maji yakipanda kwenye kitambaa yakakaa, yakishuka yanaacha mstari, na mstari unaonyesha yalifika wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanywea, akakiri kwamba alivuka mtaro. Kwa madoa ya maji hakuna anayenifikia katika jiji hili.

Jumanne, 4 Agosti

Upepo na vumbi tangu alfajiri.

Nimechora jedwali la kupimia kambi. Alama kumi. Ukaribu na maji: sita. Zilizobaki nne nimezigawa kwa choo, kivuli, barabara na usalama. Baba Watoto kachungulia begani kwangu, akauliza vipi choo kipate moja tu. Nikamjibu watu hawafungi safari ya ziwani kwenda kutazama choo. Akasema haya, mama, tutaonana saa nane usiku. Ushauri kutoka kwa mtu aliyewahi kupotea ndani ya jengo la ghorofa moja!

Nimemwona Dereva, anayesambaza mashuka ya hoteli kwa gari la duka. Kesho atanizungusha ziwani. Kwa malipo, nitamsemea kwa Mama Bosi kuhusu matairi. Kaweka mkono kifuani: "Dada Kaunta, mimi niko upande wako, wala usiwe na wasiwasi." Angalau kuna mtu mmoja mwenye akili dukani.

Jumatano, 5 Agosti

Jua kali, anga safi. Siku nzuri ya kudharau vitu.

Kambi ya kwanza. Ghali. Mahema yao ni vibanda vya saruji vilivyopakwa rangi ya kijani. Yaani mtu atoke kwenye saruji ya jiji, asafiri, aje alale kwenye saruji ya kijani! Bwana wa mapokezi kavaa tai na kandambili. Alama tatu.

Kambi ya pili. Spika kubwa kama kabati la nguo. Mwenye kambi alinieleza kuwa sifa yao kubwa ni utulivu. Ilibidi arudie mara tatu, ya mwisho kwa kupiga kelele sikioni. Alama mbili.

Kambi ya tatu iko kilimani. Dereva kanong'ona kwamba hapa ndipo Bi Pasi amepachagua. Nilijua! Nyasi, miti miwili, bomba moja, choo safi cha kuchukiza. Ziwa unaliona huko chini kama sahani iliyosahaulika mezani. Na mbuzi. Mbuzi mmoja alinitazama kwa tabasamu lile lile la Bi Pasi. Alama moja.

Halafu nikapaona mahali pangu. Chini ya kilima, mchanga umeingia majini kama ulimi. Mweupe, tambarare, maji pande tatu! Na hapana mtu! Jiji zima linalalamikia joto na msongamano, na mahali kama hapa pamekaa bure. Nimewadharau wakazi wote kwa mkupuo mmoja. Hata mawe yake ni mazuri, yana mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, mpaka usawa wa kiuno changu, kama yamefumwa. Na kwenye vichaka mtu kaanika magugu ya ziwani juu kabisa, yananing'inia kama mapazia. Mapambo ya bure.

Akatokea mlinzi wa bwawa, kavaa koti la mvua kwenye jua lile. "Mama, hapa wikendi hapalaliki." Nikamuuliza kwa nini. Akaeleza kwamba ziwa hili limezuiwa na ukuta wa bwawa, nalo ndilo linalonywewa na jiji. Siku za kazi viwanda vinavuta maji, linashuka. Ijumaa jioni viwanda vinafungwa, linaanza kupanda, na Jumapili mchanga huu wote uko chini ya maji.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Jiografia nilifaulu vizuri. Nikamuuliza kwa upole, ziwa linajuaje kuwa leo ni Jumamosi?

"Ziwa halijui, mama. Pampu ndizo zinazojua."

Nikaelewa mara moja. Nikamwuliza mlinzi, Bi Pasi kamhonga nini. Akasema hamjui mtu wa jina hilo. Hivyo hivyo ndivyo angesema mtu aliyehongwa.

Alama kumi. Nimeongeza moja kwa ajili ya upweke. Kumi na moja.

Alhamisi, 6 Agosti

Ukungu mpaka saa tatu, ndipo jua.

Tumejieleza mbele ya Mama Bosi wakati wa chai. Bi Pasi kasema maneno machache: kilima, choo, bomba, kivuli, amemaliza. Mtu anataka chumba chenye kiti na hawezi hata kujaza dakika tano! Mimi nimeonyesha jedwali. Nimesimulia mchanga, maji pande tatu, jua likichomoza miguuni pa Mama Bosi. Nimesimulia na mbuzi, ambao nimewaongeza kidogo. Dereva kaulizwa, kasema gari haliwezi kupanda kilima kile na matairi haya. Kijana wa watu! Tulikuwa tumepanga hivyo.

Mama Bosi hajaona ziwa karibu tangu alipoolewa. Macho yakamlegea. Kasema twende kwenye mchanga, na wa kupanga kila kitu niwe mimi.

Bi Pasi hakubisha. Kaninong'oneza tu tukikunja mashuka: mwenzangu, yale mawe ya pale chini hayana mstari? Nikamwambia yanayo, tena mizuri, na wivu haumpendezi mwanamke wa umri wake. Akaendelea kukunja. Halafu kamwomba Mama Bosi ruhusa ya kulala kilimani peke yake, kwa sababu ya goti lake. Goti! Wiki iliyopita alilikimbilia gari la mkate.

Ijumaa, 7 Agosti

Joto zito. Hakuna jani linalotikisika.

Nimegawa kazi. Mablanketi kumi ya duka, yale mapya meupe ambayo Mama Bosi amenunua kwa ajili ya duka la pili. Wazo langu! Wakilala kwenye weupe ule watamkumbuka aliyewalaza. Bi Pasi kauliza kama si bora tuchukue ya zamani. Huyo hata usimamizi wa kamba ya kuanikia hauwezi.

Nimemwambia Baba Watoto kwamba wiki ijayo ataoa msimamizi. Kasema si tulishaoana. Hana mawazo makubwa.

Nimejaribu kukaa kwa namna ya msimamizi kwenye kiti cha sebuleni. Mgongo umenyooka, kidevu juu. Kinanipendeza.

Jumamosi, 8 Agosti

Anga safi, upepo mwanana. Hata hali ya hewa inanitii.

Tumefika saa saba mchana. Fundi wa mashine, mtu wa kuona kasoro popote, kasema niliwasimulia ulimi mrefu, mbona huu ni mfupi? Nimemweleza kwamba mwanga wa mchana hufupisha vitu. Akaguna. Mahema matano kwa mstari, la Mama Bosi mbele kabisa, mlango ukitazama maji. Alivua viatu, akatia vidole ziwani bila kuinuka kwenye mkeka. Akacheka kama msichana. Akanigusa bega! Kasema sikujua una jicho namna hii.

Nimeshinda. Nahisi ule mgongo wa kiti.

Bi Pasi yuko juu kilimani na hema kubwa la kuazima, lingetosha ukoo. Mtu mmoja, hema la ukoo! Dereva naye kaenda kulaza gari huko huko juu. Namwuliza, si ulisema haliwezi kupanda? Kasema limejitahidi.

Mlinzi kapita jioni, akatazama mahema, akatazama maji, akatikisa kichwa. Nimempungia mkono kama anavyopungiwa mtu wa chini.

Maji yamekaribia kamba ya hema la Mama Bosi. Kasema yanaimba. Nimemwambia nilihakikisha yataimba.

Jumapili, 9 Agosti

Sijui asubuhi ilikuwaje. Niliiona nikiwa nimesimama majini.

Nieleze kwa utaratibu. Kabla hakujapambazuka vizuri nikahisi ubaridi mgongoni. Nikadhani umande. Nikafungua hema. Kandambili za Mama Bosi zikapita mbele yangu, ya kulia kwanza, ya kushoto ikafuata, bila haraka. Nyuma yake sufuria. Nyuma ya sufuria, sauti ya Mama Bosi mwenyewe ikiita jina langu, lile refu, la kwenye mkataba.

Ulimi haukuwepo. Maji yalifika magotini, na fundi wa mashine amembeba Mama Bosi mgongoni huku akisema mwanga wa asubuhi nao hufupisha vitu. Hakuna aliyeumia. Mablanketi meupe tuliyavuta kutoka kwenye tope moja moja.

Tukapanda kilima. Bi Pasi alikuwa macho, kavaa, chai inachemka. Kwenye lile hema kubwa kulikuwa na mikeka iliyotandikwa tayari. Ya watu kumi! Nikamwuliza mbele ya watu, kama alijua, mbona hakusema? Kasema nilisema, mwenzangu, nikakuuliza mawe. Wewe ukaniambia habari za wivu. Nikaogopa nikisema zaidi utaona nakuharibia, nikaona bora nitandike.

Watu wakamtazama kama malaika. Mimi nilitazama mbuzi.

Mama Bosi kanywa chai vikombe viwili. Cha tatu kakishika tu. Kisha kasema duka la pili ni la Bi Pasi kuanzia mwezi ujao. Akanigeukia. Nilidhani atanifukuza. Watoto wangu wanakula kaunta ile. Kasema wewe baki ulipo, watu wa madoa wanakuhitaji, na mablanketi haya kumi utayafua mwenyewe, kwa mkono. Dereva kamwuliza Bi Pasi, Dada Msimamizi, nikupakie mizigo? Yule nyoka. Na matairi alishaahidiwa na upande wa pili, kumbe tangu Jumanne!

Jumatatu, 10 Agosti

Mawingu membamba, ubaridi wa haki. Nimefungua duka mimi. Pasi baridi.

Nimeyatandaza mablanketi kwenye meza ya nyuma. Kila moja lina mstari wa kahawia, umekwenda sawasawa kutoka upande hadi upande. Doa la maji, halina ubishi. Yamepanda, yamekaa, yameshuka. Nimemwonyesha mwanafunzi wetu mpya wa kazi jinsi ya kuusoma: maji yalifika hapa, mwanangu, na aliyelala hapa alikuwa mzembe. Kaniuliza nani. Nikamtuma sabuni.

Nimetafakari kwa haki. Kosa lilikuwa kumwamini Dereva. La pili, jedwali: alama sita kwa maji zilikuwa chache, zilifanya watu wasiyaheshimu. La tatu, Bi Pasi ana bahati, na bahati si akili. Angalia, mwaka mmoja tu atachoka kukaa. Kiti chenye mgongo kinataka mtu wa kaunta.

Mama Bosi kawaomba radhi wateja wawili kwa kuchelewa, kisha kasema safari ya mwakani lazima iwepo, na atakayepanga vizuri atafikiriwa kwa duka la tatu. La tatu!

Jana, wakati gari linatafuta njia ya kurudi, nilipaona mahali kutoka dirishani. Nyuma ya ukuta wa bwawa, chini yake hasa, kuna bonde jembamba. Pakavu kabisa. Kokoto nyeupe zilizosuguliwa laini, kivuli cha ukuta mchana kutwa, na mbele ukutani milango mikubwa ya chuma, mizuri, imefungwa. Hapana maji hata tone, kwa hiyo nani atasema nimerudia kosa? Na hapana mtu! Kuta za mawe za bonde lile zina mistari, tena mirefu kuliko ya pale mchangani, inapita kimo cha mtu.

Nilishuka nikamwuliza mlinzi. Kapiga kelele hapana kabla sijamaliza swali, mikono yote miwili juu. Kumbe Bi Pasi keshafika na huko.

Alama kumi na mbili. Baba Watoto anauliza nacheka nini gizani. Nalala sasa, saa tano na robo.