Madebe Mawili ya Mama Coletha

Otmar alikuwa akijua nani ameuza ng'ombe kabla mwenyewe hajafika nyumbani kutoka mnadani. Wengine hujaliwa sauti ya kuimba kanisani. Yeye alijaliwa pua. Kwa hiyo mwaka ule wa 1974, Paskazia, Mama Coletha, alipouza ng'ombe wake wawili ili aezeke nyumba bati, Otmar alikwisha kuzitafutia fedha zile makao mengine.

Alikuwa na mashine mbili za karanga alizozinunua kwenye duka lililokuwa likifungwa mjini Shinyanga. Unatumbukiza senti hamsini, unazungusha mkono wa chuma, karanga zinamwagika kiganjani. Moja aliiweka mnadani Kishapu, ambako watu wana sarafu na njaa. Ya pili aliiweka kituo cha basi Samuye, ambako kila mtu analima karanga zake, na mkulima wa karanga halipi chuma kimpe karanga. Mkaangaji wa karanga za mashine zote mbili alikuwa Paskazia huyohuyo, na kila mashine ilikuwa na debe lake.

Kila wiki Otmar aliandika mauzo ya kila mashine katika daftari. Tumsifu kwa hilo, maana liliandikwa vizuri. Alipoamua kumuuzia mama ile ya Samuye, alinakili daftari jipya na kubadilisha majina tu: juu ya mauzo ya Kishapu akaandika Samuye, juu ya mauzo ya Samuye akaandika Kishapu. Tarakimu hakuzigusa. Hakupenda kusema uongo zaidi ya unaohitajika.

Akamfuata Paskazia nyumbani, na ili mambo yaonekane ya haki akamwita balozi wa nyumba kumi, Mzee Maganga, awe shahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na serikali?"

"Biashara safi haiogopi shahidi. Mashine zangu zote mbili nauza. Bei yake ni mauzo ya miezi sita kama yalivyo humu. Samuye, shilingi mia tano na arobaini. Kishapu, thelathini na sita. Chagua mwenyewe, mimi sikusukumi."

"Balozi, umesikia?" Paskazia akauliza.

"Nimesikia. Zote mbili, kwa bei ya daftari."

Mama akafungua fundo la khanga polepole. Otmar akameza mate. Zikatoka noti chache na sarafu, na fundo likafungwa tena.

"Nipe ya Kishapu."

"Ya Kishapu?" Otmar akadakia. "Mama, ile haiuzi kitu. Nakuonea huruma."

"Mjane hachagui kikubwa. Nitabanana na hicho kidogo."

"Basi, ile ya Kishapu nimeghairi kuiuza."

Mzee Maganga akavaa miwani. "Kijana, umesema zote, na bei umetaja mwenyewe. Au daftari lina kasoro? Kama lina kasoro, tuelekee ofisi ya kata tukalisome huko."

Otmar alilitazama daftari lake kwa uchungu wa kweli. Akapokea thelathini na sita na kuweka sahihi ya mauzo.

Balozi alipoondoka, Otmar akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikwambia?"

Paskazia akampeleka jikoni. Ukutani kulikuwa na safu mbili za mistari ya mkaa: moja ndefu kutoka mlangoni hadi mafigani, nyingine yenye mistari mitatu.

"Debe lililobonyea ni la Kishapu, la buluu la Samuye. Uliniambia mwenyewe. Lililobonyea hurudi tupu kila baada ya mnada. La buluu hurudi na karanga zilezile, nami nazikaanga upya. Kila debe linalotoka na karanga mpya nachora mstari." Akamkabidhi debe la buluu. "Wabeja, mwanangu, asante sana."

Jumatatu, zile thelathini na sita zikiwa zimeishia kwa wadai wake, Otmar alishinda Samuye kando ya mashine yake, bila nauli ya kurudi. Mabasi mawili yalipita. Jioni njaa ilipomzidi, akatoa senti hamsini yake ya mwisho, akaitumbukiza, akakinga kiganja. Kisha akafungua lile daftari jipya, na kwa mara ya kwanza akaandika chini ya jina la Samuye mauzo ya kweli ya siku ile.