Kibonyeo cha Ushindi

Jumatatu, 3 Machi

Dharau! Klabu ya mashua imebandika tangazo getini. Inatafuta muundo wa mashua ndogo ya tanga, ya faibaglasi: Jumamosi ishindane, Jumapili ibebe familia, na watu wawili waweze kulala ndani. Atakayeshinda atatengeneza mashua sita za klabu. Nimemwonyesha mke wangu mchoro wangu. Ameuliza hilo beseni lina mlingoti wa nini.

Beseni! Ni kweli karakana yangu inatengeneza matangi ya maji na mabeseni ya kuogea. Ndiyo maana naitaka kazi hii. Nikiikosa, nitazikwa fundi matangi.

Ubaya ni huu. Mashua nyembamba hukimbia, ila haina pa kulala. Ukiipanua, inakwenda kama kabati. Nimepanua. Nimechonga mfano mdogo, nikauweka kwenye karai la maji. Umekwenda kiubavu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea siku mbili na huu ni mwezi wa pili, amecheka mpaka akapaliwa. Kisha akakumbusha, eti kwa bahati tu, kwamba mwanawe naye anashiriki. Mwanawe ndiye shemeji yangu, bingwa wa klabu kila mwaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu si Athumani! Shemeji amesafiri kikazi wiki mbili. Ameniachia mashua yake niisugue na kuing'arisha. Alisema kazi hiyo nitaiweza, kwa sababu ni beseni kubwa tu. Nimemchekea. Moyoni nilikuwa nachemka.

Nimelipapasa ganda lote la mashua. Upande wa kushoto, karibu na ncha ya mbele, pana kibonyeo cha ukubwa wa kiganja. Bingwa aache kibonyeo? Mtu anayepiga pasi mpaka soksi? Nimekaa juu ya ndoo kufikiri hadi chai ikapoa. Nimeelewa. Siri ya mbio zake ni hiyo! Maji yanaingia pale, yanapata nguvu, yanasukuma. Na miaka yote hii hajamwambia mtu. Mchoyo.

Jumanne, 11 Machi

Si wizi. Wizi ni kuchukua kitu mwenyewe akakikosa. Mashua ya shemeji ipo palepale, haijapungua hata unywele. Nimeipaka nta, nikailazia nyuzi za faibaglasi na gundi ya rezini tabaka juu ya tabaka, ikakauka, nikabandua. Kalibu safi! Ganda langu litatoka humo likiwa na kila kitu, kibonyeo kikiwemo.

Mke wangu alifuata harufu, akaikuta mashua ya kaka yake imevishwa koti. Nikamwambia ni matibabu ya ngozi. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, halafu akanitazama kipara.

Chumba cha juu nimekibuni mwenyewe, mtu asinisemeshe. Kirefu, mke wangu asimame wima. Wabunifu wengine huwainamisha wake zao humo ndani halafu wanajiita mabingwa! Rangi nitapaka nyekundu. Ya shemeji ni nyeupe. Nani atajua?

Jumamosi, 22 Machi

Nimeonewa! Tena hadharani!

Jaji alikuwa injinia mstaafu, mama mmoja mpole wa sura. Akapitisha kiganja kwenye mashua yangu. Akasita. Akaenda kwa ya shemeji, akapitisha kiganja. Akasita palepale. Akarudi kuniuliza kile kibonyeo ni cha nini. Nikasema ni cha kuongoza maji. Akauliza kwa nini kiko kushoto tu. Nikasema kulia maji yanajiongoza yenyewe.

Ndipo shemeji akatangaza mbele ya umati kwamba nanga ilimponyoka ikaigonga mashua, na tangu siku hiyo amekuwa mvivu wa kupaziba. Mwongo! Analinda siri yake! Nikasema huenda yeye ndiye aliyeniiga mimi. Watu wakacheka, hata mlinzi wa geti.

Jaji akasema zishushwe majini. Mke wangu akaingia chumbani, akasimama wima kama nilivyoahidi, akapunga mkono dirishani. Mashua ikalala ubavu. Upepo hakuna, tena imefungwa gatini! Tulimtoa ameloa chapachapa. Sasa nani alimwambia apunge mkono?

Mashua sita amepewa shemeji.

Jumatatu, 24 Machi

Mke wangu hasemi nami ila kwa kupitia mama yake. Mama yake anaongeza ya kwake.

Jioni shemeji alikuja sebuleni. Hana karakana, na amekiri kwa shingo upande kwamba kalibu yangu imetoka vizuri. Kazi ya kutengeneza zote sita ananipa mimi. Mke wangu ndiye aliyemwomba. Nilimsikia nyuma ya mlango, akisema mume wake ana mikono mizuri, tatizo liko juu zaidi. Niliona haya, nikiri. Kwa muda.

Masharti! Chumba kiwe kifupi. Muundo uitwe wa shemeji. Na kibonyeo kiondoke. Kwenye kalibu kimetokea kama kivimbe, kwa hiyo ni kukisugua kwa msasa tu. Jaji atakuja kulipapasa ganda la kwanza. Akikuta kibonyeo, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeshika msasa asubuhi nzima. Mke wangu ameleta chai kwa mkono wake mwenyewe. Ameniambia baba, safari hii tusiharibu. Nimemwahidi.

Alipoondoka nikafikiri. Kwa nini wote wanakiandama? Jaji, shemeji, klabu nzima? Kitu kisicho na faida hakipigiwi kelele hivi. Halafu nikakumbuka swali la jaji: kwa nini kushoto tu? Yule mama ana akili! Kumbe ndiyo maana mashua yangu ililala ubavu. Ilikuwa inasukumwa upande mmoja!

Nimeweka msasa chini, nimekoroga rezini kidogo, nikaumba kivimbe cha pili upande wa kulia wa kalibu. Kivimbe cha kulia kimetoka vizuri kuliko cha kushoto, na ganda la kwanza limeshakauka humo. Jaji anakuja kesho. Nitamwomba apapase pande zote mbili.